Mistari Miwili ya Sababu

Karatasi ilikuja Jumanne, mama mkwe wangu akiwa kliniki kupima presha. Karani wa Wageni aligonga dirisha la jikoni kwa kalamu, kama anavyogonga kila mwaka, akauliza kama bibi mwenye nyumba yupo. Nikamwambia ametoka. Akatazama saa, akatazama nyumba zilizobaki mbele yake, akaipenyeza karatasi dirishani.

"Aweke dole gumba hapo chini. Nitaipitia Ijumaa asubuhi."

Akaenda zake.

Wageni ndivyo tunavyowaita wanajeshi wa nchi iliyotushinda vitani. Walikuja miaka ishirini na moja iliyopita, mimi nikiwa na miaka mitano, umri alionao binti yangu leo. Mume wangu ana mzaha wake juu ya jina hilo. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," husema. "Hawa tuliwapa jembe, limelika mpaka mpini, na bado wanauliza chai iko wapi."

Nyumba yetu ina vyumba vinne na jiko. Vyumba viwili vya mbele, vyenye baraza na madirisha ya barabarani, wamekaa Wageni tangu mwaka wa kwanza. Sisi tuko nyuma. Mama ana chumba kimoja kilichojaa kitanda chake na mabegi. Mimi na mume wangu tuna kingine, pamoja na cherehani yangu na vitambaa vya watu. Binti yetu hulala jikoni, kwenye godoro tunalolikunja kila asubuhi. Tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haujui likizo.

Tangu mvua zianze, Chiriku anakohoa. Daktari alimsikiliza kifua akaniuliza, "Anavuta moshi huyu?" Nikamweleza kwamba tunapikia mkaa, na pale pale ndipo anapolala. Akaandika dawa ya maji, kisha akasema huku anafunga daftari, "Mhamishe chumba." Kama vile chumba kilikuwa mfukoni mwangu, nimekisahau tu.

Basi ile karatasi niliitazama kwa jicho jingine. Tena mwaka huu najua kusoma. Niko mwaka wa tatu darasa la jioni, tunakalia madawati ya watoto, magoti yamekaribia kidevu, na mwalimu wetu husema asiyecheka kwanza hajifunzi. Miaka yote karani alipokuja, aliishika karatasi imekunjwa katikati, akimwonyesha Mama nusu ya chini tu, ule mraba wa dole. Safari hii aliiacha nzima. Nikafuta mikono, nikaitandaza juu ya meza ya cherehani, nikafuata maneno kwa kidole.

*Mwenye nyumba anaombwa kukubali vyumba vyake viendelee kutumika.* Anaombwa. Nikarudia neno lile, nisije nikawa nimejipendelea. Chini yake kulikuwa na mistari miwili mitupu. *Asiyekubali aandike sababu hapa. Sababu ikipokelewa, vyumba vitarudishwa katika siku thelathini.*

Nilifurahi, na nyuma ya furaha ikaja hasira. Miaka ishirini na moja wamemdanganya mama wa watu. Nilishona pindo la sketi moja mara mbili kwa kutokuwa na akili, nikimsubiri arudi.

Alipoingia sikumwacha hata avue viatu. "Mama, wamekuchezea. Karatasi haisemi lazima. Inasema unaombwa."

Mama alikaa kwenye stuli, akavua kiatu kimoja, akakitikisa mchanga. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba naombwa. Karani wa kwanza alinisomea yote, kutoka juu mpaka chini. Alikuwa kijana ana adabu zake. Huyu wa sasa ana haraka tu, hana ubaya."

Nilikosa pa kuiweka ile karatasi. "Sasa mbona unaweka dole kila mwaka?"

Akavua kiatu cha pili. "Lile kabati la chumba cha mbele, la milango mitatu. Unajua limetoka wapi?"

Nilidhani ni la arusi yake. Nilikuwa nimeliona mara chache tu, mlango wa Sajini ukiwa wazi: mbao nyekundu, miguu iliyochongwa, kazi ya fundi aliyelala anaota kazi.

"Baba mkwe wako alilileta kwa lori la jeshi," Mama alisema. "Alikuwa dereva. Wakati ule vita vilikuwa bado vinatuendea vizuri, sisi ndio tuliokuwa kwao. Aliniambia nyumba alimolitoa haikuwa na watu. Mimi sikumuuliza watu wamekwenda wapi. Nililifuta vumbi nikapanga nguo zangu. Chini kabisa nikakuta soksi moja ya mtoto." Akavisogeza viatu vyake kando. "Niliifua. Mpaka leo sijui kwa nini niliifua. Nikaianika, ikakauka, nikakaa nayo mkononi."

Chiriku alikuwa uani anawafundisha kuku kusalimia. Tulimsikia akikatishwa na kikohozi, kisha akiendelea.

"Wale hawakuletewa karatasi yenye mistari miwili, mwanangu," Mama akasema. "Ndiyo maana naweka dole."

Nilirudi kwenye cherehani, nikakanyaga, nikashona, nikafumua. Mama mkwe wangu si mtu wa kubishana naye kwa pupa; maneno yake huyapima kama dawa. Lakini kila Chiriku alipokohoa, nilisimamisha cherehani.

"Mama," nilisema mwishoni, bila kugeuka. "Mimi sisemi Wageni hawakuwa na haki ya kuja. Wasingekuja, wanaume wetu wangeendelea na vita tu. Lakini kidonda hufungwa bandeji ili kipone. Ukiiacha bandeji miaka na miaka, inashikana na nyama."

"Na nani wa kusema kimepona? Mwenye kidonda?"

"Tumuulize na aliyefunga."

Mama alinitazama kwa muda. Kisha akacheka kwa pua. "Hilo darasa la jioni," akasema, "mume wako anajua wanawafundisha nini?"

Lakini kuanzia hapo hakutulia. Jumatano nzima alizunguka na fagio mahali palipokwisha kufagiwa. Mume wangu alipotoka kazini, uso umejaa vumbi la chuma, tukamweleza yote. Aliiacha chai mpaka ikapoa. Habari ya kabati hakuwa akiijua. Alizaliwa baadaye, na baba yake hakurudi kutoka vitani kumsimulia. "Mama aamue," alisema. "Nyumba ni yake. Na kabati..." Hakumaliza.

Alhamisi alasiri Mama alinishika mkono. "Twende. Sitaandika sababu kwenye karatasi yao kabla sijamwambia ukweli mtu anayelala mle."

Mtu mwenyewe tulimwita Sajini. Ni Mgeni wa nne kukaa pale, na huu ni mwaka wake wa sita. Amekwisha kuota mvi, miwani yake ina mkono mmoja niliomfungia kwa uzi wa kushonea jinzi. Bomba la uani likivuja hulitengeneza kabla hatujamwomba. Chiriku humwita Babu, naye humwita Chiriku Mkubwa wa Kazi, na kila asubuhi humpigia saluti.

Mama alipita barabarani, akapanda barazani, akagonga mlango wa nyumba yake. Sajini alikuwa anapiga pasi shati. "Karibu, Mama."

"Nakaribishwa kwangu," Mama akasema, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliogongana mlangoni.

Hakukaa. Alisimama mbele ya kabati, mikono imefumbatana, akasema yote: karatasi na mistari yake miwili, lori, dereva, nyumba isiyo na watu, soksi. Chiriku alikuwa amejipenyeza nyuma yetu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema neno. Mimi nilimtazama Sajini usoni, nikisubiri wingu lishuke.

Sajini aliisimamisha pasi. Akalifuata kabati, akafungua mlango wa katikati, akatuonyesha upande wa ndani. Kulikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, na kando yake maandishi ya lugha yao.

"Hiyo naijua," Mama alisema. "Vipimo vya fundi."

"Si vipimo vya fundi, Mama. Ni urefu wa watoto. Wawili. Wamepimwa kila mwaka, na majina yao yapo." Alifunga mlango taratibu. "Nilisoma wiki ile ile niliyofika."

Mama alishika ukingo wa kitanda. Miaka yote kabla ya Wageni kuja alikuwa akiipangusa vumbi ile mistari kwa kitambaa, kwa uangalifu, ili isifutike, kwa kuheshimu kazi ya fundi.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa hasira. Nilikuwa nawasikia mnacheka nyuma ya ukuta, nasema, hawa wanachekaje. Halafu akazaliwa huyu." Akamwelekezea Chiriku kidevu. "Akalia miezi minane. Ninyi mmeamka, na mimi nimeamka. Mtu akikunyima usingizi miezi minane, huyo ni ndugu yako, utake usitake. Baada ya hapo nilinyamaza kwa sababu niliona haya kukutia haya."

Mama alitikisa kichwa pole pole. Nikaona nisipouliza wakati ule sitauliza tena.

"Sajini, mtaondoka lini? Sikufukuzi wewe. Nasema ninyi nyote."

"Tukiondoka, nani wa kuniahidi kwamba hamtaanza tena?"

"Hakuna," Mama akajibu kabla yangu. "Hata mimi siwezi kukuahidi, wanaume nawajua. Mkiona tumeanza, rudini. Njia mnaijua."

Sajini alicheka mpaka akavua miwani. Alipoirudisha, uso ulikuwa umetulia. "Mama yangu husema tukae miaka mia. Vita vilimchukulia kaka zake wawili. Simlaumu. Ila yeye anasema hivyo kwa kuwa hajaonana na wewe." Akanyoosha kola ya shati juu ya meza. "Sisi tunaambiwa tuko hapa kuwazuia watu wale waliotuvamia. Mimi kila siku nawatafuta watu wale, nawakuta ninyi."

Hapo Chiriku akaanza kukohoa, kile kikohozi cha kumkunja mpaka magoti.

"Bado tu?" Sajini akauliza.

"Analala jikoni," nikasema.

"Mchana tu?"

"Siku zote. Hakuna pengine."

Alinitazama kama mtu aliyesikia lugha yake ikisemwa na kiti. Miaka sita, ukuta mmoja kati yetu, na alidhani nyuma kuna vyumba vya kutosha. Mlango wetu hakuwahi kuupita. Alikuwa na adabu, na sisi tulikuwa na kiburi. Akaomba aone. Tukampeleka. Alikuta godoro limekunjwa nyuma ya gunia la mkaa. Alipiga goti, akapitisha kidole ukutani pale kichwa cha Chiriku kinapokaa, akakiangalia kidole. Kilikuwa cheusi.

"Babu, umechafuka," Chiriku akamwambia.

"Nimechafuka, Mkubwa," alisema. Akainuka kwa shida. Akamwambia Mama, "Andika."

Ijumaa asubuhi tuliketi mezani, Mama anasema, mimi nina kalamu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kuandika juu ya haki, juu ya kizazi kisichopigana vita vyovyote, maneno makubwa niliyoyaokota darasani na kuyatunza kama nguo za sikukuu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo wanayajua," akasema. "Andika mtoto anakohoa."

"Basi?"

"Andika analala penye moshi. Mstari wa kwanza huo. Wa pili andika: ndani kuna kabati ambalo si letu, lichukuliwe litafutiwe wenyewe."

"Mama, hiyo si sababu ya kurudishiwa chumba. Wanaweza kuitumia dhidi yetu."

"Waitumie. Sitaki chumba kirudi na uongo ndani yake."

Nikaandika. Herufi zilikaa kwenye mstari, mpaka neno *wenyewe*. Mama akaweka dole gumba chini yake, akalikandamiza kuliko ilivyohitajika.

Karani alipofika alishaanza kunyoosha mkono kuikunja, kisha akaona. Akasoma akiwa amesimama dirishani. Akasoma tena.

"Mtaa huu hakuna aliyewahi kujaza hapa," akasema. "Sijui hata inapelekwa meza gani."

"Uliza," Mama akamwambia kwa upole. "Kuuliza si ujinga. Unywe chai kwanza?"

Hakunywa. Aliiweka karatasi mkobani peke yake, haikukunjwa, juu ya zile nyingine. Hatujui itapokelewa au haitapokelewa, na siku thelathini hazijaisha ninapoandika haya.

Lakini Sajini hakuzisubiri. Karani hajafika hata kona, tulisikia vyuma vya kitanda vikiburutwa. Alihamishia vitu vyake vyote chumba kimoja, nguo amezipanga juu ya sanduku, akakiacha kile chenye kabati kitupu, kimefagiwa. "Siku thelathini ni nyingi kwa kikohozi," alisema. Mume wangu akaingiza godoro. Nililipiga pasi shuka huku bado naogopa kwamba mtu atatokea aseme tumekosea.

Mchana Chiriku akalazwa pale apumzike. Nilifungua madirisha yote mawili. Mama aliingia taratibu, akapita kando ya kabati bila kuligusa, akasimama dirishani, mikono kwenye kizingiti. Alitazama barabara muda mrefu, watu wakipita na mizigo yao, baiskeli, mwanamke aliyefunga mwavuli. Nilimwona mabega yakitikisika, nikamwendea, nikamshika kiuno.

"Bibi," Chiriku akasema kutoka kwenye godoro, nusu amelala. "Sogea kidogo. Unaniziba upepo."

Mama akasogea.