Majina Yaliyokatwa Mwanzo wa Wimbo

Nalala saa saba mchana, jua liko utosini, kwenye mkeka chumbani kwa binti yangu Havijawa, kichwa karibu na spika, tumbo limejaa wali na mchicha. Sikukusudia kulala. Havijawa anaunga wimbo wake, na kazi yake ndiyo hiyo, anachukua tarumbeta ya dansi la zamani na mpulizaji wake akipaza tuserebuke, kicheko cha mwimbaji wa taarabu, makofi ya kwaya, anavishona kwenye kompyuta kama mimi ninavyoshona mabaki ya vitambaa nikapata foronya, na leo katikati ameweka sauti ya marehemu mama yangu, Siwajibu binti Pazi, akiimba wimbo wa kumtoa mwali nje, kutoka kwenye kaseti niliyompa mwenyewe kwa mkono wangu huu. Alasiri ataupeleka wimbo kwa watu. Ananiambia, mama, huku mwanzoni bibi anaongeaongea, mdundo unalala, nikate? Nami nasema, kata mwanangu, hayo ni majina tu. Nasema huku napiga miayo. Na kwetu mtu haanzi wimbo wa mwali mpaka amtaje aliyempa wimbo, na aliyempa huyo, na wa nyuma yake, ndipo ngoma ipigwe. Nalijua hilo tangu nilipochezwa unyago mimi mwenyewe. Naye anakata, nasikia kidole chake, tik, na mkeka unafunguka chini yangu kama mlango.

Niko barabarani. Barabara inakwenda hatua nane, nakuta mwarobaini, natembea hatua nane nyingine, nakuta mwarobaini uleule, kuku yuleyule anadonoa palepale, na kila nikidhani nimefika mbali najikuta mwanzo. Chini ya mwarobaini amesimama mtu aliyejitanda kanga, hana sura, pale pa uso ni laini kama kitako cha bakuli. Shikamoo, nasema, maana umri wake siujui. Haitikii. Anasema, nimeingia nyumba ya watu bila hodi, nimekula nimeshiba, sasa mlango siuoni, mimi nani? Nasema, mwizi. Anasema, na aliyenifungulia je? Nautazama mkono wangu. Ananishika mkono na barabara inanyooka, tunaingia mji ambao nyumba zake zinatazamana kama kioo na kioo, dirisha huku dirisha kule, kanga nyekundu kwenye kamba huku kanga nyekundu kwenye kamba kule, na mimi nipo upande huu na najiona upande ule nikitembea na wasiwasi wangu vilevile. Kibarazani amekaa mwanamke mnene anacheka, kicheko kinakatika, anakianza tena kilekile. Mzee wa suti ya kijivu anakuja mbio. Baba, nasema, namtafuta binti yangu. Tuserebuke! ananijibu. Baba, namwulizia mtoto. Tuserebuke! anasema, na machozi yanamtiririka hadi kwenye tai. Yule asiye na sura anasema, hawa ndio waliokatwa, kila mmoja amebaki na kile kilichopendwa.

Namwona Havijawa sokoni, amekaa juu ya ndoo, nywele zimesukwa nusu. Havi! Anageuka, anafungua mdomo, inatoka tarumbeta. Anaufunga kwa mkono, anajaribu tena, yanatoka makofi ya kwaya. Mwanangu, tulia, niite tu. Anakaza shingo, anasema mama, na sauti ni ya mama yangu Siwajibu. Mama yangu mzazi, aliye kaburini, ananiita mimi mama. Namwuliza yule asiye na sura, sauti ya mtoto wangu iko wapi? Anasema, kila alipokata jina la mtu, yake nayo ilikatwa kidogo, na sasa kimebaki kipande kimoja, wimbo ukitoka alasiri hakitakuwepo. Nasema, nikate mimi, mimi ndiye niliyemwambia. Anasema, rudisha kisichobebeka kwa mikono.

Basi nasimama pale sokoni na mtandio umeniteleza. Nasema, wimbo huu nimepewa na mama yangu Siwajibu binti Pazi. Naye kapewa na Mwanamvua wa Maneromango. Naye kapewa na kipofu mmoja, Bi Kigoda. Halafu nakwama. Mama alikuwa akifika majina saba, lakini siku ile nachezwa masikio yangu yalikuwa kwenye harufu ya pilau. Najipiga kifua. Yule asiye na sura anangoja, mji mzima unangoja, hata kuku. Nasema, aliyempa Bi Kigoda simjui. Simjui, lakini ahsante. Ahsante wewe, na aliyekupa wewe, mwanangu anakula kwa sauti zenu na mimi nimelala nimeshiba sijawashukuru. Na wewe baba wa suti, wimbo wako niliucheza nikiwa na mimba ya huyu, ndiyo maana alizaliwa anarusha miguu, ahsante. Mzee anajifuta uso. Naitwa Chambuso, anasema. Nimepuliza miaka kumi na minane, binti, na mlichookota ni tuserebuke tu? Chukueni, nani kawakataza, ila mseme. Na nyuma yangu nasikia sauti ikiita, mama, nyembamba, ya mafua kidogo, yake.

Mama, amka, unalia. Havijawa ameinama juu yangu. Nasema, rudisha majina ya bibi. Mama nawe, si umesema nikate? Nimesema na nimekosea, rudisha. Na huyo wa tarumbeta anaitwa nani? Hajui, kipande hicho alikitoa kwenye wimbo wa mtu aliyekuwa naye amekikata kwa mwingine. Wimbo hauendi mpaka tumpate, nasema, na ananinunia, kisha anapiga simu kwa wazee mmoja mmoja, na alasiri inapita tumekaa, wimbo haujatoka.

Ndugu zangu wenye watoto wa kazi hii, sisemi wasikate, waunge tu, nimeona inavyopendeza. Ila msimwambie mtoto jina ni maneno matupu, kama nilivyomwambia mimi. Mwenzenu tangu siku ile sijui kama nimerudi kweli, maana kanga kwenye kamba ya jirani ni nyekundu na yangu ni nyekundu, na sikumbuki kuinunua. Sasa hivi Havijawa yuko uani ananiita, mama, njoo. Siitikii haraka. Namtazama mdomo kwanza, nahakikisha umefunguka na sauti imetoka humo humo. Imetoka. Huku au kule, mwanangu ananiita kwa sauti yake, na simjui aliyempa sauti hiyo. Nasema ahsante, ndipo naitika.