Pikipiki ya Mkwe

Walikuwa wanapanda mlima kabla ya Kabasha pikipiki ilipoanza kukohoa. Kahongya alisokota mkono wa gesi mpaka mwisho, lakini nguvu ziliendelea kupungua chini yake, polepole, kama mnyama anayepiga magoti. Ikakohoa tena, ikajivuta hatua chache, ikanyamaza. Lori la mbao likawapita likiwaachia vumbi.

Emérence, mke wake, alishuka nyuma bila kuambiwa. Alitua kikapu chake cha kabeji na viazi, akakunja kitenge, akakaa juu ya jiwe.

"Ni esansi?" aliuliza.

"Esansi iko. Niliweka mwenyewe Butembo asubuhi."

Hata hivyo alifungua tangi aangalie. Mafuta yalikuwa yanameremeta, yamezidi nusu. Alifunga kifuniko, akachukua spana yake, akaitoa buji ya kuwasha moto. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya maharagi. Aliisugua kwa kitambaa, akaipuliza, akairudisha. Kiki ya tatu ikawaka.

"Ilikuwa buji," alisema, na mkewe akapanda.

Kahongya aliendesha pikipiki ile kwa miaka mingi kati ya Butembo na Lubero, akipeleka watu, mbegu, magunia, mara moja hata jeneza la mtoto. Sasa mgongo ulikuwa umemchosha. Asubuhi nyingine ilibidi Emérence amshike mkono ndipo aamke kitandani. Kwa hiyo walipokubaliana wampe pikipiki Sadrack, mume wa binti yao Furaha, hakusikitika sana. Sadrack alikuwa motari wa Beni, akichukua abiria na kakao kutoka Oicha. Pikipiki yake mwenyewe ilibaki katika barabara ya Oicha siku watu wa msituni wenye bunduki walipotokea. Aliiacha ikiwa bado inanguruma, akajitupa kwenye shamba la kakao, akatembea kwa miguu mpaka usiku. Aliporudi na wenzake kuitafuta walikuta chuma kilichoungua. Tangu hapo alikuwa akibeba magunia sokoni, na Furaha alikuwa na mimba ya pili.

Kahongya alimwambia kwa simu: "Sadrack, ile yangu ni yako. Nitakuletea mimi mwenyewe." Neno likishatoka kinywani mwa baba mkwe halirudi.

Walikuwa wameanza kuteremka kuelekea Kalunguta, hewa ikibadilika kutoka baridi ya Butembo kuwa joto zito la Beni, pikipiki ilipozimika tena. Safari hii walikuwa karibu na meza ya kadhafi, mwanamke aliyeuza esansi katika chupa kando ya barabara. Kahongya alifungua tangi, akainusa, akachovya kidole.

"Labda ni maji," alisema. "Ile mvua ya mwezi uliopita iliingia ndani."

"Si ulisema ulitengeneza?"

"Nilitengeneza. Lakini maji ni mashetani."

Alifungua parafujo chini ya kabureta, akamwaga mafuta kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Yalikuwa safi. Akaendelea kuyatazama, kama mtu anayesubiri mgonjwa aseme panapomuuma. Hakuona maji. Alifunga, akapiga kiki, na pikipiki ikawaka kwa sauti tamu, kana kwamba haikuwa na kasoro tangu iundwe.

Kadhafi alicheka. "Papa, inakucheza."

Emérence hakucheka. Aliivunja ndizi aliyokuwa anaimenya, akampa mume wake nusu, na hakupanda.

"Baba Furaha," alisema. "Hapa ikizimika, tunakaa chini, tunakula ndizi. Batu banapita, banatusalimia. Kule mbele ya Mbau, njia ya Oicha, ikizimika na Sadrack, ule mutoto, nani atamusalimia?"

Kahongya alitafuna.

"Niliahidi," alisema.

"Ulimuahidi pikipiki. Hapana hii."

"Panda, mama. Jua linatupiga."

"Nakuuliza."

"Nimesikia. Tukifika, usiseme kitu mbele yao. Niachie mimi. Itakuwa imepona."

Emérence alipanda. Kutoka pale mpaka karibu na Beni alikaa ameshika kikapu kwa mikono miwili. Kahongya alikuwa anasikiliza injini kama mtu anayesikiliza mlango wa nyumba usiku. Kila ilipobadilisha sauti kidogo, moyo wake ulishtuka. Alijua magonjwa ya pikipiki karibu yote. Aliwahi kuendesha moja isiyo na breki kutoka Lubero. Lakini ugonjwa unaokuja na kuondoka bila sababu hakuujua, na huo ndio ulimtia hofu.

Ilizimika mara ya tatu nyumba za Beni zikianza kuonekana. Kahongya alishuka. Mgongo ulikuwa unawaka moto. Alifungua tangi, akatazama ndani, akafunga. Spana hakuitoa. Buji hakuigusa. Alikaa tu kwenye majani kando ya barabara, akafuta jasho, akatazama pikipiki za wenzake zikipita zimebeba watu watatu watatu. Kisha aliinuka, na kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya, akapiga kiki. Ikawaka.

Hakumtazama mke wake.

Furaha alikuwa amewapikia bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa ziwani Kyavinyonge aliokuwa amewatunza tangu asubuhi. Alimkumbatia mama yake kwa ubavu, kwa sababu tumbo lilikuwa limekuwa kubwa. Sadrack alitoka na maji ya kunawa, akamnawisha baba mkwe wake kwa adabu, ameinama, lakini macho yake hayakubanduka kwenye pikipiki iliyosimama uani.

"Wasingya, tata," alimshukuru baba mkwe wake kwa lugha ya kwao. "Wasingya sana. Sijue niseme nini."

Alikuwa ameshatafuta kitambaa. Kabla chakula hakijatengwa alikuwa amefuta vumbi lote la safari, matope ya Lubero ya miaka mingi, hata majina ya watoto wa Kahongya yaliyochorwa kwa msumari pembeni ya tangi yalionekana upya. Majirani walikuja kuangalia. Mmoja aliuliza kama inavuta. Sadrack akajibu kwa kujivuna kwamba baba mkwe wake ameitoa Butembo na mizigo na mama juu, bila shida.

Emérence alikata tonge lake. Hakulitia mdomoni.

"Kesho alfajiri naenda na benzangu," Sadrack alisema wakati wanakula. "Tunangojana Mavivi, tunaenda kundi. Tukiwa bengi ni muzuri. Hakuna kusimama mpaka Oicha. Ukisimama, kundi linakuacha."

"Hapana kukungojea hata kidogo?" Emérence aliuliza.

"Mama, nani atangoja?" Sadrack alicheka kwa upole. "Kila mutu iko na batoto bake."

Kahongya alikuwa ameshika kichwa cha samaki. Aliurudisha mkono kwenye sahani. Sombe ambayo binti yake alikuwa ameipika vizuri, kwa mawese mengi kama anavyopenda, akaisogeza kando. Akanywa maji. Akanawa.

"Sadrack," alisema. "Ilizimika."

"Nini, tata?"

"Pikipiki. Ilizimika Kabasha. Ilizimika Kalunguta. Ilizimika pale chini, nikiona nyumba zenu. Sijue sababu. Nilitaka kukupa bila kusema."

Furaha alitazama mikono yake. Kahongya alingoja, na alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kama kijana angekasirika, asingejitetea. Sadrack alinawa mikono taratibu, akaikausha kwenye suruali.

"Tuipande," alisema. "Nitaendesha. Tata, ukae nyuma, usikilize."

Walitoka hivyo, matumbo yakiwa yameshiba nusu, jua bado kali. Sadrack alipita barabara ya Mavivi, akazunguka, akarudi, akapanda mlima mmoja na kuushuka, akaupanda tena. Pikipiki iliimba. Kahongya alikuwa nyuma, jambo ambalo halikuwahi kumtokea juu ya chombo hiki, na aliona shingo ya mkwe wake, nyembamba kuliko alivyodhani, na kovu la tawi la kakao chini ya sikio.

Iliwachukua muda mrefu. Sadrack alikuwa ameanza kusema labda imechoka tu na safari, ilipokohoa. Kahongya alijua kukohoa kule. Ikajivuta, ikafa katikati ya mlima.

Sadrack alishuka na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha tangi.

"Acha!" Kahongya alipiga kelele. "Usifungue!"

Kijana akashtuka. Kahongya mwenyewe alishtuka. Hakujua alichokuwa anataka kusema mpaka aliposikia sauti yake.

"Mara zote tatu," alisema, "kitu cha kwanza nilifungua tangi. Kisha nikafanya buji, kisha kabureta. Mara ya tatu sikufanya kitu. Nilifungua tangi tu. Na iliwaka."

Walipiga magoti. Kahongya aliuchomoa mpira unaoleta mafuta kwenye kabureta. Yalidondoka matone machache, yakapungua, yakakoma. Tangi lilikuwa na mafuta ya kutosha kufika Oicha na kurudi, lakini hakuna hata tone lililotaka kutoka.

"Sasa fungua. Polepole."

Sadrack alikizungusha kifuniko. Kikatoa sauti ya kuvuta hewa, kama mtu aliyetoka chini ya maji, na papo hapo esansi ikatiririka juu ya vidole vya Kahongya, baridi, nyingi. Alirudisha mpira haraka. Mkwe wake alikuwa amegeuza kifuniko juu chini. Chini yake palikuwa na kipande cha sasheti ya sukari, kimekunjwa mara mbili, kimebanwa vizuri kuzunguka ukingo.

"Hii ni nini, tata?"

Kahongya alikitazama. Alikuwa amekiona kila mara, kila mara amekitengeneza kikae sawa kabla ya kufunga. Alikiweka yeye mwenyewe baada ya ile mvua, maji yalipoingia ndani ya tangi, ili pikipiki ifike kwa mkwe wake ikiwa safi.

"Kilifunga tundu la kuingiza hewa," alisema.

Sadrack alifikiri kidogo, kisha akacheka. "Ni kama bidon ya mawese. Usipotoboa tundu la pili juu, mafuta hapana toka, hata ukiigeuza. Mutu anamwaga, anamwaga, iko inakataa."

"Ndivyo."

"Tata, umejua kulinda pikipiki mpaka ikakosa pumzi."

Kahongya alicheka pia, kwa sababu kijana alicheka, na kwa sababu ilikuwa kweli. Walisafisha kitundu kidogo cha kifuniko kwa sindano ya nyasi. Wakakubaliana kwamba plastiki itafunikwa juu ya tangi wakati wa mvua pikipiki ikiwa imesimama nyumbani, na kuondolewa kabla ya kuwasha. Kisha walipanda na kushuka ule mlima mpaka jua likalegea, na haikukohoa tena.

Lakini furaha haikuja, na Kahongya alishangaa kwa nini inachelewa. Aliitafuta ndani yake akakuta uchovu tu. Walipokaribia nyumbani ndipo alipoelewa: sehemu fulani ya moyo wake, tangu Kalunguta, ilikuwa inaomba pikipiki isipone. Kama isingepona, Sadrack asingeenda.

"Ungefanya kazi ya mjini," alimwambia, mdomo karibu na kovu lile. "Soko mpaka mtaa wa Paida. Paida mpaka soko. Inatosha kula."

Sadrack alipunguza mwendo.

"Mjini tuko bengi kama nzige, tata. Tunagombania mutu mumoja. Kakao iko Oicha." Kisha akaongeza, taratibu zaidi: "Na mimi naogopa. Usifikiri siogopi."

"Najua."

"Lakini na hii, angalau, nitaogopa batu tu. Sitaogopa pikipiki."

Kahongya aliweka mkono wake begani mwa kijana na kuuacha hapo mpaka uani.

Alfajiri Sadrack aliondoka. Furaha alimwombea amesimama mlangoni, mkono tumboni. Kahongya alisikiliza injini ikipanda barabara, ikipinda, ikichanganyika na nyingine, mpaka hakuweza kuitenganisha tena. Angepaswa kutafuta gari la kurudi Butembo asubuhi ile. Emérence alimuuliza kama atafungasha.

"Tungoje kidogo," alisema.

Walingoja. Alimsaidia binti yake kuchambua maharagi, akafunga mlango wa jiko uliokuwa umelegea, akaufungua akaufunga tena. Mvua ilinyesha ikakatika. Kila pikipiki iliyopita aliinua kichwa. Hakuna aliyemwambia aache.

Mchana ulikuwa umeshasogea Sadrack alipoingia uani, suruali imelowa mpaka magotini, macho mekundu kwa vumbi na upepo, magunia mawili ya kakao yamefungwa nyuma. Alizima injini mwenyewe. Aliomba maji, akanywa kikombe kizima amesimama, akaomba kingine.

"Imeenda?" Kahongya aliuliza.

"Imeenda vizuri. Mnyororo tu umelegea, tata. Kesho utanionyesha namna ya kuukaza."

Kahongya alisema atamwonyesha. Kisha aliingia ndani, akavua viatu, akajilaza kwenye mkeka wa mjukuu mgongo ukiwa umenyooka. Kabla Furaha hajamaliza kumtengea mume wake chakula, baba yake alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi, mchana kweupe, na Emérence akawaambia watoto wa majirani wakacheze mbali.