Kesi ya Chumba cha Baridi

Mkubwa hakosei. Akikosea, kosa hutafutiwa mtu wa chini wa kulibeba, na katika hospitali ile mtu huyo alikuwa Fundi Barafu.

Jina hilo alipewa na manesi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza chumba cha baridi chenye masanduku ya chanjo, na kwa sababu tangu mkewe afariki hakuna aliyeona meno yake. Shule aliishia darasa la nne. Mengine alifundishwa na spana. Kwa kazi hiyo alipewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Humo mkewe alifia, na humo naye alikusudia kufia. Lakini kazi ikienda, nyumba inakwenda. Iliandikwa kwenye barua ya ajira kwa herufi ndogo, maana wakubwa wakipanga kukutoa hawapigi kelele.

Mambo yalianza hivi. Wageni wa makao makuu walikuwa waje Ijumaa, wanywe chai barazani. Ukutani, kando ya baraza hiyo, ndipo ilipofungwa mashine ya chumba cha baridi, ile sehemu ya nje yenye feni inayopuliza joto. Jumatano Katibu wa hospitali akasimama mbele yake, tai ikampeperukia begani.

“Fundi, joto hili litawapiga wageni usoni. Lihamishe.”

“Nilipeleke wapi, bosi?”

“Ingiza mashine humo humo chumbani. Pale kwenye kona pana nafasi.”

Fundi Barafu alimtazama aone kama ni utani. Katibu alikuwa mkavu kama chaki.

“Bosi, kazi ya hii ni kutoa joto nje.”

“Na humo ndani kuna baridi tele. Mashine itapoa, itachapa kazi vizuri zaidi. Tumia akili, mzee.”

“Basi niandikie.”

“Jambo dogo kama hili niandike?”

Wakubwa hawaandiki. Wanasema, na maneno hayana sahihi. Alhamisi nzima fundi akafungua boliti nane, akaingiza mashine, akaifunga kwenye kona sawasawa, kwani hata kazi ya kijinga ina ufundi wake. Katibu akachukua ufunguo ili nyundo zisije zikasumbua ugeni. Ijumaa wageni wakanywa chai, wakasifu hewa ya pale. Jumamosi asubuhi Matroni akafungua chumba kwa ufunguo wa akiba, kikampumulia usoni kama ng'ombe. Chanjo zote zilikuwa zimeharibika. Kina mama wakarudishwa makwao na watoto wao mgongoni.

Jumatatu fundi akapata barua. Mashine, ilisema, ilikuwa nzima na ilikaa mahali penye baridi. Kama chumba kilipata joto, basi fundi aliifunga vibaya. Akiri kwa sahihi aachishwe kazi kwa heshima, au aje mbele ya kamati siku ya Alhamisi aachishwe hivi hivi.

Jioni hiyo binti yake alikuja kumwona. Alikuwa mwalimu wa fizikia, akili kaitoa kwa mama, ulimi kwa baba. Akasoma barua mara mbili.

“Baba, hata malaika angeifunga, chumba kingepata joto. Baridi haitengenezwi. Unachota joto huku unalimwaga kule, na mota nayo inaongeza lake. Ukilimwaga humo humo, umefanya nini?”

“Nimechota maji mtumbwini nikayamwaga mtumbwini.”

“Huku unatoka jasho juu yake. Hilo lina jina. Entropia.”

“Nani huyo?”

Binti akaenda jikoni, akarudi na mkebe. Akaweka maharage chini, mchele juu, akafunika, akatikisa. “Tikisa na wewe mpaka virudi kama vilivyokuwa.”

Fundi akatikisa. Alikuwa mtu wa kutii maagizo, ndiyo maana alikuwa na kesi. Akatikisa mpaka mkono ukamuuma.

“Havirudi,” binti akasema. “Njia za kuchanganyika hazihesabiki, za kujitenga ni chache mno. Kwa hiyo vitu vikiachwa, hutawanyika. Hata joto. Entropia ndiyo kipimo cha mtawanyiko huo.”

“Maji yakimwagika hayazoleki. Na hilo watu wamelisomea chuo?”

“Miaka mitatu. Unaweza kuuchambua mchele, lakini utatoka jasho, na joto lako litatawanyika hewani. Unapanga hapa, unavuruga kule, na ya kule daima inazidi.”

Fundi akatazama chumba: viatu juu ya kiti, kabati limefura, vikombe vimelala dirishani. Hakukumbuka siku hata moja aliyovuruga kitu.

“Nilidhani kuna mtu anaingia nikiwa kazini,” akasema.

“Hakuna, baba. Mama alikuwa anachambua kila siku.”

“Na joto lake alikuwa analimwaga wapi?”

“Kwako. Umesahau alivyokuwa anakugombeza?”

Fundi akafikiri. “Kweli. Miaka thelathini na moja nimepulizwa.” Akachukua viatu akaviweka chini, kisha akaona hajui pa kuviweka. “Lakini sheria yako siipendi. Inasema mambo yanaharibika yenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Hiyo ndiyo sheria wakubwa wanaitafuta.”

Alhamisi kamati ikakaa ofisini kwa Katibu. Mwenyekiti alikuwa Matroni, karani akiandika, na Katibu mwenyewe mjumbe, kwani wakubwa huhudhuria kesi zao kutoka upande wa meza wenye chai.

Fundi hakutoa hotuba. Ofisini mle mlikuwa na friji ndogo ya soda. Akaifungua mlango wazi, akafunga madirisha, akatundika kipimajoto kimoja hapo na kingine ofisi ya jirani, iliyofanana na hiyo ila haikuwa na friji. Vyote viwili vilisoma ishirini na saba.

“Mnaionaje? Chumba kitapoa?”

“Kitapoa,” akasema Katibu. “Friji iko wazi.”

“Basi tutoke, msije mkasema ni joto la watu.”

Wakakaa kwenye benchi la ukumbini saa nzima kama wagonjwa. Waliporudi, ofisi ya jirani ilikuwa pale pale ishirini na saba. Ya Katibu ilisoma ishirini na tisa, na soda zimepata moto.

“Baridi inatoka mbele, joto linatoka mgongoni, na la mgongoni linazidi,” akasema fundi. “Niifunge mashine mimi, aifunge nani, hesabu ni hiyo. Inaitwa entropia.”

Matroni akakisoma kipimajoto mwenyewe. “Kwa hiyo hukuifunga vibaya.”

“Nimeifunga vizuri sana. Ndiyo maana chumba kilipata joto la uhakika.”

Katibu akasafisha koo. Rangi ilimrudia usoni. “Basi mambo yamekwisha! Kumbe ni sheria ya maumbile. Karani, andika: chanzo ni entropia, hakuna mtu aliyekosea. Mzee anaendelea na kazi, na nyumba yake anakaa. Tia sahihi hapa, fundi, ukapumzike.”

Karani akaandika, akamsogezea karatasi. Nyumba ilikuwa pale, upana wa sahihi moja. Fundi akaishika kalamu. Akaisoma sentensi ile herufi kwa herufi, kama mtu wa darasa la nne.

“Matroni,” akasema, “sheria hii naikubali. Vitu huvurugika vyenyewe. Ila mashine haipiti ukutani yenyewe. Ilikuwa na boliti nane. Nilizifungua mimi, nikijua ni upuuzi. Andikeni hivyo. Kisha mwandikeni aliyeniagiza.”

“Fundi, unajiua mwenyewe,” Katibu akanong'ona.

“Wale watoto walirudishwa na mtu, bosi.”

Matroni akageuka. “Ndugu Katibu, ulimwagiza?”

“Nilishauri tu.”

“Karani, andika: alishauri. Na ufunguo ulikuwa na nani?”

Katibu akanyamaza. Karani akaandika na hilo, maana kimya chake kilikuwa kirefu kikatosha mstari mzima.

Ripoti ilitoka baada ya wiki. Ilitaja vyanzo vitatu: fundi aliyetii, Katibu aliyeshauri, na entropia. Nyumba fundi aliachiwa. Yeye na Katibu walipewa kila mmoja barua ya onyo kali, ya Katibu ikiwa fupi zaidi. Entropia haikupewa barua yoyote, na fundi alilalamika kwamba hata humo kuna upendeleo.