Homa Aliyoumwa Felista

"Siendi hospitali, Felista. Ni malaria tu, na dawa nimeshameza."

"Dawa ipi, Mama Noel? Vile vidonge vyangu vilivyobaki?"

Klara, ndiye Mama Noel mpangaji mwenzangu, akaivuta kanga mpaka masikioni, saa nane mchana, jua likichoma ua mzima. Hapa mtaani Utemini ndivyo tunavyoishi: mtu akipata nafuu anaacha dozi njiani, vinavyobaki anaviweka kabatini vimsubiri jirani. Homa ya Klara ilishamaliza mabaki ya nyumba yetu yote na bado ilikuwa inarudi. Ikipoa, anakwenda sokoni kuuza mafuta yake ya alizeti, tunasema kapona. Haipiti muda, jioni anatetemeka, usiku jasho linalowesha shuka, asubuhi viungo vinamuuma kama aliyelima. Gauni lake la kanisani lilikuwa linamning'inia kama la kuazima.

Nikamwambia homa inayorudi baada ya dawa, tena inamkausha mtu hivyo, si ya kubahatisha. Akasema anajua, yeye si mtoto. Kisha akashusha sauti.

"Nikionekana hospitali na mwili huu, unajua watasema nina virusi. Na wewe ndiye utakayeanza."

Sikubisha. Mdomo wangu hufika stendi kabla ya bodaboda.

"Basi mdomo huo huo ukusaidie. Kesho mgonjwa ni mimi. Wewe unanisindikiza."

Jioni ile nikapita nyumba kwa nyumba, nimejishika kiuno, nalalamika homa. Asubuhi tukapanda bajaji, mimi nimejigubika kitenge, Klara kanishika mkono. Kwenye benchi la hospitali aliyetetemeka ni yeye, aliyepewa pole ni mimi.

Mlango wa daktari ulipofungwa, mgonjwa akawa Klara. Alipopimwa malaria, haikuonekana. Daktari, mama mmoja mpole, akamuuliza mengi: homa inaanza lini, mgongo unauma, anakula nini, nyumbani kwao wanafuga? Klara akaeleza kuwa kaka yake Chediel humletea maziwa kutoka Issuna, naye huyanywa hivyo hivyo yalivyokamuliwa. Kwao ukiyachemsha umeyaharibu.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema ipo homa ya mifugo inayoingia kwa maziwa mabichi, inakuja na kuondoka, ila hawezi kuapa kabla ya vipimo. Akatoa damu, akamwonya: akizidiwa, akapumua kwa shida au akaanza kuchanganyikiwa, asingoje majibu, aje hata usiku.

Majibu yalipotoka tulirudi hospitali pamoja. Ilikuwa ile ile ya mifugo. Inatibika, daktari akasema, lakini dozi ni ya wiki nyingi na inamezwa yote, hakuna cha kubakiza kabatini. Klara akalia kidogo, akajifuta kwa kanga.

Tulipofika nyumbani, chumba changu kilikuwa kimejaa majirani. Febronia kaleta uji wa uwele, Emiliana kachinja jogoo, kuna ugali, kuna mlenda, na wote wananitazama kwa huruma. Wakataka kujua daktari kasemaje.

"Kasema maziwa mabichi ndiyo yanayotumaliza," nikawaambia. "Chemsheni, na mkawaambie wengine."

Nilijua kufikia jioni mji mzima utakuwa umesikia, na jina litakalotajwa ni langu. Klara alikuwa bado amesimama mlangoni, mkoba wa dawa kaubana kwapani, kama anayetaka kujiendea chumbani kwake.

"Mama Noel, unakwenda wapi? Aliyeniuguza naye hula. Nawa mikono, ingia."