Mlio wa Kiti cha Mama

Kiti cha hospitali kilikuwa cha chuma, kipana, na mwalimu alipokikalia hakikusema neno. Huo ndio ukweli wa mambo, na aliyeujua kuliko wote alikuwa fundi sauti, kwa sababu kazi yake ni kusikiliza vile ambavyo wengine wanavipita. Pale kituo cha televisheni walimwita Sikio. Alipewa jina hilo mwaka wake wa kwanza, aliposimamisha mahojiano ya mkubwa mmoja kwa kuwa tumbo la mheshimiwa lilikuwa linanguruma kwenye kinasa sauti. Tangu siku hiyo hata bawabu alisahau jina lake la kweli.

Kipindi chenyewe kilihusu watu wanene waliokuwa wakijiandaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Watu walikipenda. Wachache walikipenda kwa huruma, lakini walio wengi, tusidanganyane, walikipenda kwa sababu hakuna starehe rahisi kama kumhukumu mtu mnene huku wewe umejilaza kwenye kochi na bakuli la karanga kifuani. Ujumbe wao ulimiminika kituoni. Afunge mdomo tu, mbona ni bure. Huo ni uvivu, anatafuta njia ya mkato. Nipeni mimi jembe nimponye kwa wiki mbili. Mtayarishaji wa kipindi aliuchapa ule uliochekesha zaidi na kuubandika ukutani juu ya birika la chai.

Mgonjwa wa wiki hiyo alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Alisema amejinyima chakula miaka kumi na mmoja, amepungua mara nne na kunenepa mara tano. Alisema kisu hakimtishi. Kinachomtisha ni kuingia wodini na kukuta watu wamekwisha kumhukumu. Sikio aliyanasa maneno hayo yote, safi kabisa, hata pale sauti ya mwalimu ilipokwama kidogo. Mtayarishaji akayakata, maana yalikuwa marefu. Akabakiza mwalimu akiingia, mwalimu akigeuka, mwalimu akikaa.

"Hapa pamepoa," mtayarishaji alisema. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwepesi wa kusifu, na ubaya wake haukuwa wa makusudi, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote. "Mtu wa kilo mia na themanini anakaa, halafu kimya? Kiti kiseme kitu, Sikio. Kilie kidogo."

"Hakikulia."

"Najua hakikulia. Ndiyo maana nimekuita wewe."

Hapo angeweza kukataa. Aliwahi kukataa mambo madogo kuliko hilo. Lakini siku zilikuwa zimebana, njaa inamuuma, na kutia chumvi kwenye sauti ni kazi ya kila siku kwa fundi yeyote. Akafungua hazina yake ya milio, akatafuta viti. Vilikuwa viwili tu. Cha kwanza kilikuwa cha ofisini, kinalia kama panya. Cha pili kilikuwa cha dada yake.

Dada yake alikuwa mshonaji wa sare za shule. Kiti alichokalia mbele ya cherehani kilikuwa cha mbao, amekirithi kwa mama yao, mshonaji vilevile. Ukikikalia kinalia mara mbili: mlio mrefu mzito, kama mtu anayeshusha mzigo, kisha mfupi mwembamba. Walipokuwa watoto, mlio huo ulikuwa na maana yake. Mama amekaa, kazi imeanza, nyumba imetulia. Mama alipofariki, mvulana alikuwa na miaka tisa na msichana kumi na saba. Msichana akakaa kwenye kiti kile, wala hakuinuka mpaka mdogo wake alipomaliza masomo.

Miaka miwili nyuma Sikio alikwenda na kinasa sauti, akamwomba dada yake akae, asimame, akae tena.

"Sasa unataka nini na makalio yangu?" dada alicheka.

"Nakihifadhi kiti, dada. Siku kikivunjika, tusije tukapoteza na sauti ya mama."

 Dada akakaa mara ya tatu, polepole, ili itoke vizuri.

Na dada alikuwa mnene. Nimechelewa kulisema hilo kwa sababu Sikio mwenyewe alichelewa kulikumbuka. Magoti yalikuwa yamekwisha, sukari ilikuwa juu, usiku alilala ameegemea ukuta ili apate pumzi. Daktari alimshauri afanyiwe upasuaji kama ule wa mwalimu, naye akapiga chenga kwa muda mrefu, leo ana sare za watu, kesho ana mafua. Mwishowe alikubali. Alipangiwa Jumatano, na aliyepewa kazi ya kumpeleka alikuwa mdogo wake.

Sikio aliuweka ule mlio chini ya mwalimu. Ulikaa sawasawa, kama kifungo kwenye tundu lake. Mtayarishaji alivunjika mbavu, akataka kipande kirudiwe, kikarudiwa mara tatu. Sikio naye alicheka.

Jumamosi mchana dada akampigia simu. "Njoo tukiangalie kipindi chenu pamoja. Nataka nimwone huyo mwalimu anavyoingia, nipate moyo."

Angesema ana kazi. Alikwenda. Njiani alijiambia kwamba mlio ni mlio tu, viti vyote vya mbao ni ndugu, nani atajua? Wanasema majuto ni mjukuu, huja kinyume; ya Sikio yalikuwa yameshaanza kumfuata kama mbwa kabla hajabisha hodi.

Chumba kilikuwa kama siku zote: vipande vya kitambaa cha bluu sakafuni, chaki kwenye kisahani, televisheni juu ya kabati. Dada alikuwa kwenye kiti chake, ameipa cherehani mgongo. Binti yake alikaa chini, na jirani wa mlango wa pili alikuwa ameshajipatia nafasi nzuri kochini.

"Watu hawa wanaonewa huruma bure," jirani alisema kipindi kilipoanza. "Dawa yao ni kufunga mdomo. Wewe sikusemi, mama. Wewe ni umbo la kwenu."

"Asante," dada alisema.

Mwalimu akaingia. Mwalimu akageuka. Mwalimu akakaa, na kiti kikalia.

Jirani alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Binti naye alicheka, kisha akaacha ghafla, akageuka kumtazama mama yake. Dada alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya cherehani inapoanza kuruka nyuzi. Aliegemea meza, akasimama. Ilimchukua muda, na magoti yalisikika. Halafu akakaa tena.

Mrefu mzito. Mfupi mwembamba.

"Mama," binti alisema, "mbona ni..."

"Kimya, mwanangu."

Jirani aliangalia dari, akakumbuka ana sufuria jikoni, akaondoka bila kuaga. Televisheni ilikuwa imehamia kwenye matangazo. Dada aliizima, akamtazama mdogo wake.

"Ni cha mama?"

"Ndiyo, dada."

"Waliiba?"

Huo ulikuwa mlango, na dada alikuwa amemfungulia yeye mwenyewe. Kupita hapo ingekuwa rahisi. Sikio alishindwa kudanganya, na ndilo jambo pekee alilolifanya vizuri wiki nzima.

"Nilikiweka mimi. Kiti cha yule mwalimu hakikulia."

"Kikulacho ki nguoni mwako," dada alisema. Hakukuwa na ukali ndani yake. Alilisema kama mtu anayesoma kipimo cha kiuno na kumtajia mteja.

Jumatano saa moja asubuhi Sikio alifika na teksi. Begi la hospitali lilikuwa limefungwa, liko pembeni ya mlango, lakini dada alikuwa na gauni la nyumbani, anapiga pasi makunjo ya sketi.

"Mwambie dereva aende zake," alisema.

"Dada, kosa ni langu. Nipige mimi. Usijiadhibu wewe."

"Nani anajiadhibu? Sitaki tu."

Sikio akamweleza habari za mwalimu, harakaharaka, dereva akipiga honi nje. Akamsimulia miaka kumi na mmoja ya kujinyima, kupungua mara nne na kunenepa mara tano, na ile hofu ya wodi. Dada aliacha kupiga pasi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi uso wake ulilegea.

"Alisema hivyo?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Mbona mimi sikumsikia?"

"Yalikatwa. Nafasi ilikuwa ndogo."

"Nafasi ya kiti ilipatikana," dada alisema. "Ya mtu ndiyo ilikosekana."

Akairudisha pasi juu ya sketi. "Mimi kisu sikiogopi hata kidogo. Nilikuwa naogopa wale watakaonisukuma kitandani, kwamba wakinipa kisogo watacheka. Nikajiambia, acha kuwasingizia watu, si kila mtu ana roho hiyo. Basi. Kama wewe umecheka, mgeni atafanyaje?"

Sikio alifungua kinywa aseme hakucheka. Alikuwa amecheka, na dada yake alimlea, alijua kumsoma. Alitoka akamlipa dereva.

Daktari alipanga siku nyingine. Nayo ikapita. Alipanga ya tatu, na dada akamwambia binti yake asipokee tena simu ya hospitali.

Sikio alimwendea mtayarishaji akamwomba mlio ule ufutwe. Mtayarishaji alimhurumia kweli, hata akamshika bega, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kila chumba cha uhariri kilikuwa na nakala yake. Mtu alikuwa ameubatiza jina, "mnene anakaa", na chini ya jina hilo ulitumika kwenye vichekesho, kwenye tangazo la magodoro, kwenye katuni ya kiboko. Siku moja Sikio akiwa kwa kinyozi, kichwa kimepakwa sabuni, aliusikia kwenye televisheni ya ukutani, na watu wazima watano waliokuwa kwenye benchi wakacheka pamoja. Alikuwa ameapa sauti ya mama yake haitapotea, na kweli haikupotea.

Mwalimu yeye alifanyiwa upasuaji, akapona, akarudi darasani amepungua nusu. Sikio alisikia kwamba akikaa mezani, wanafunzi wa nyuma huuiga ule mlio kwa midomo.

Siku hizi Sikio huenda kumwona dada yake kila Jumapili. Hawajagombana. Dada humkaribisha, humuuliza habari za kazi, humwambia binti amletee mjomba chai. Ila hakai. Anasimama ameegemea cherehani, uzito anauhamisha kutoka mguu huu kwenda ule, jasho linamtoka juu ya mdomo, na kiti cha mama kiko pale karibu, amekisogeza ukutani.

"Kaa, dada," Sikio alimwambia Jumapili ya kwanza.

"Nimekaa kutwa."

Jumapili ya pili alimwambia tena, akamsihi. Dada akatabasamu, akauliza kama chai ina sukari ya kutosha. Baada ya hapo hakurudia. Mara ya kwanza Sikio alikaa saa nzima, mpaka alipoona miguu ya dada yake inatetemeka chini ya gauni. Akapunguza, ikawa nusu saa. Sasa anakunywa chai ikingali moto, anaunguza ulimi, anaaga baada ya dakika kumi.

"Mbona haraka hivyo?" dada humuuliza.

"Kazi, dada."

Jumapili iliyopita alitoka akasimama nje ya mlango. Alitaka kusikia mara moja tu, kwa masikio yake, kile kiti kikilia mahali pake. Alizuia pumzi. Ndani palikuwa kimya. Hapakuwa na hatua, hapakuwa na sahani, na taratibu akaelewa kwamba upande wa pili wa mlango dada yake naye amesimama, kwa magoti yale, anasikiliza kama mdogo wake ameshakwenda.

Akaondoka, akikanyaga kwa nguvu ili asikike.