Kula Kwanza

Ijumaa jioni Yolande hakutaka kumwona mtu. Wiki nzima alikuwa ofisini akiandika masimulizi ya wakimbizi, nani alichomewa nyumba, nani alipotelewa na watoto njiani, kisha bosi wake, Monsieur Stanislas, anamrudishia ripoti akitaka iwe fupi zaidi. Fupi! Kama machozi ya watu yanapunguzwa kwa mkasi. Basi alipofika kwake, mtaa wa Nguba, alizima simu, akavua viatu, akawasha televisheni. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake: kipindi cha mama mmoja wa Ulaya, mnene, mpole, anayekanda mikate jikoni mwake huku theluji ikianguka nje ya dirisha. Katika kipindi kile hakuna anayelia wala anayekimbia. Unga unaumuka, basi.

Na mtu asimlaumu mapema. Jumapili iliyopita alikuwa ameahidi kwenda Katana, ambako mama yake alikuwa amelazwa hospitalini, na safari yenyewe si ya kutisha, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Lakini siku ile aliamka hoi. Akajilaza mbele ya televisheni, akapika chakula chake kidogo, akajiambia ataenda Jumapili inayofuata. Mama anaendelea vizuri, si ndivyo walivyosema? Nani hajawahi kujiambia hivyo?

Ijumaa hiyo, akiwa anakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye mbabula ya makaa, hodi ikapigwa. Alikuwa Tonton Télesphore, mdogo wake mama, viatu vyake vimejaa vumbi la njia ya Katana. Yolande alishtuka, akamuuliza hata kabla ya kumkaribisha, Maman yuko aje? Tonton akasema habari zipo, wataongea, waketi kwanza. Tena, alisema, ana shughuli zake mjini. Kisha akauliza anapika nini. Yolande akashusha pumzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone; tena mgeni anayeulizia chungu hawezi kuwa na neno zito.

Tonton alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kofia magotini. Aliitazama ile mikate ya mzungu bila kusema kitu, yeye ambaye kwa kawaida hubishana na televisheni hadi majirani wakacheka. Yolande alichambua mboga ya lengalenga, akakata nyanya, akasonga bugali, na mwili ukaanza kulegea kwa raha ile aliyoizoea, raha ya kazi isiyodai ripoti. Alimsimulia tonton kwamba kesho kutwa anakwenda Katana bila kukosa, na kwamba amemnunulia mama kitenge na sabuni ya kunukia. Tonton akaitikia kwamba ni vizuri, akatazama chini.

Chakula kikaja. Tonton alinawa, lakini tonge lake aliligeuzageuza tu vidoleni. Aliyoishughulikia ni sahani ya Yolande: akamsogezea sambaza, akamwongezea lengalenga.

"Kula kwanza, mutoto yangu," alisema. "Kula, ushibe."

Hapo mkono wa Yolande ukasimama. Kwao, aliyetumwa na habari ya msiba hamwambii mtu mwenye njaa. Anaketi, anaulizia chakula, anangoja mwenzake ale, maana akishaambiwa huenda asitie kitu mdomoni siku mbili tatu, na kilio kinataka nguvu. Kila mtoto wa kwao anajua. Yeye mwenyewe, baba yao alipofariki, alikaa vivyo hivyo mbele ya dada yake Bintu akimbembeleza amalize ndizi. Mji na ofisi vilimsahaulisha. Sasa amekumbuka, na heri asingekumbuka.

Basi alifanyaje? Alikula. Maskini Yolande, alikula kama mtu aliyetoka kulima, kwa sababu maadamu anakula haambiwi, na maadamu hajaambiwa mama yake yungali Katana kitandani. Alimaliza bugali, akasema njaa bado, akarudi jikoni, akapuliza makaa, akateleka maji mengine. Tonton hakumzuia. Alipokuwa akisonga bugali wa pili machozi yalimtoka, akasingizia moshi ingawa hakuna aliyemuuliza. Tumbo lilikuwa limejaa hadi linauma. Sebuleni yule mama wa televisheni alikuwa akitoa mikate kwenye tanuri, anatabasamu peke yake, na Yolande akamchukia kwa moyo wake wote.

Alileta sahani, akaketi, akamega. Tonton Télesphore alikuwa amevua miwani na kuifuta, na kuifuta tena. Mzee wa watu alikuwa amechoka kungoja, lakini kumharakisha hakuruhusiwa.

Yolande ndiye aliyeuliza, bila kumtazama. Wala hakuuliza kama mama amekufa.

"Yeye alikula, tonton?"

Tonton alirudisha miwani machoni. Angeweza kudanganya, na nadhani alitamani sana, lakini hakuzoea.

"Tangu Jumapili alikuwa anakataa," alisema. "Tulimulazimisha, akasema chakula yake tuiweke. Eti iko anakungojea, mukule pamoja."

Tonge lilikuwa tayari mdomoni mwa Yolande. Kulimeza hakuweza, na kulitema mbele ya mjomba wake aliona haya. Akabaki nalo hivyo hivyo, shavu limevimba kama la mtoto.