Benvenutissima kwa Mguu

Mjukuu wa Bibi Cherehani alikuwa akilelewa kwa kina baba yake, Waitaliano, na kila alipoonyeshwa uso wa bibi kwenye simu alikimbilia chini ya meza. Mtoto hajui Kiswahili, bibi hajui Kiitaliano. Watapendana kwa lugha gani? Sasa mtoto na mama yake wanakuja kumtembelea, na bibi aliapa kwamba safari hii mtoto hakimbii.

Akamwomba binti yake neno moja tu, lakini lililoshiba. Akapewa benvenutissima: karibu mno, tena kwa mtoto wa kike.

Neno likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mara “beniventu”, mara “benevutisima”.

“Mama, ben unaikata hapohapo, usiiongezee kitu,” binti alimwambia kwenye simu. “Halafu uzito uweke kwenye tis. Zile s ni mbili, moja huku, moja kule.”

“Moja huku, moja kule? Si useme tu kuwa ni mshono!”

Tangu hapo akalishona. Mguu kwenye pedeli: ben, ve, nu, kwenye tis anakandamiza, anaacha gurudumu lizunguke kidogo, ndipo si, ma. Wateja walingoja suruali zao huku wakikaribishwa kwa Kiitaliano, na wengine wakaanza kuitikia.

Siku ikafika. Mtoto akasimama mlangoni, amejificha nyuma ya sketi ya mama yake. Bibi akafungua mikono, akafungua na mdomo.

“Be...”

Mguu wake ulikuwa ukiitafuta pedeli sakafuni. Mtoto akazidi kurudi nyuma, na bibi akaumia moyo.

“Liwalo na liwe,” akasema, akaenda kuketi kwenye cherehani, bila uzi wala kitambaa. “Ben-ve-nu-tis-si-ma!”

Mtoto akachungulia. Akasogea taratibu, akaweka mguu wake mdogo juu ya mguu wa bibi, midomo ikijaribu kutamka kitu. Kumbe naye alikuja na neno lake, alilolikariri njia nzima, na lilikuwa limemkwama vilevile. Pedeli ikashuka.

“Ni-me-ku-ku-mbu-ka.”

“Umenikumbuka, na hatujawahi kukutana!” Bibi akacheka huku machozi yanamtoka, wala hakuuondoa mguu. “Haya, kanyaga tena, mke mwenzangu.”